Shakwe wa Mwaloni na Siku Tisa za Oman

Alhamisi, 23 Januari. Mwanza hadi Muscat

Chanzo cha safari hii ni picha moja mbaya. Niliipiga Desemba pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, saa saba mchana, jua la utosini: shakwe mkubwa mwenye mgongo wa giza amesimama juu ya jiwe, na nyuma yake akina mama wanaanua dagaa. Nikaandika kwenye daftari "shakwe wa Heuglin", tena kwa wino. Rafiki yangu ninayetazama naye ndege akaichungulia, akasema huyo ni wa Baltiki, yule anayezaliwa Ufini. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akaniuliza, "Wewe huyo Heuglin ulimwona wapi hata umjue?" Nikakosa la kusema.

Shakwe wa kila siku wa Ziwa Victoria ni yule mdogo wa kichwa cha kijivu, na huyo hana ugomvi na mtu. Ugomvi uko kwa wakubwa, wanaoshuka kutoka kaskazini kukimbia baridi ya kwao. Wa Baltiki, Wafini walishawafunga vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, na baadhi wakaonekana wamekuja hadi ziwani kwetu kula dagaa wetu. Heuglin naye anazaliwa kwenye tundra ya Urusi na hushuka hadi pwani ya Afrika Mashariki. Wote wawili wana mgongo wa giza, miguu ya njano na doa jekundu kwenye mdomo wa chini. Mimi nilikuwa nawachagua kwa rangi ya mgongo, kama mtu anayechagua kanga dukani.

Basi nikaamua kwenda wanakojaa. Majira haya pwani ya Oman hukusanya shakwe wakubwa wa kila namna, wa tundra, wa nyika za Kazakhstan, wa Bahari ya Kaspi. Na shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa Muscat kabla sijazaliwa. Kwa hiyo gharama ni nauli tu, na aibu ya kueleza ninachofuata.

Nimefika usiku. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Hao ndege hawakulishi?" Sebule nzima inaongea Kiswahili cha Unguja cha zamani, kile cha "skiza" na "ndo hivo", na televisheni inaongea Kiarabu peke yake pembeni, hakuna anayeisikiliza.

Ijumaa, 24 Januari. Mutrah

Mtoto wa shangazi alinipeleka asubuhi, kwa sharti kwamba tuwe tumerudi kabla ya Swala ya Ijumaa. Soko la samaki la Mutrah liko ufukweni kabisa. Ndani, jodari wamelazwa sakafuni kama magogo na nguru wamepangwa mezani. Nje, kila kinachotupwa kina mwenyewe tayari.

Wa kwanza kuonekana ni shakwe wa Hemprich, mweusi-kahawia kama aliyepakwa masizi. Ana ushungi wa kahawia hadi kifuani, na nyuma ya shingo kuna mstari mweupe kama kola. Mdomo ni mrefu na mnene, wa kijani cha njano, una pete nyeusi na ncha nyekundu. Huyu si mgeni kwetu, yuko Sabaki kule Malindi na huzaa kwenye visiwa vidogo vya Kiunga. Wilhelm Hemprich, mtafiti wa viumbe mwenye jina hilo, alikufa kwa homa Massawa, Eritrea, mwaka 1825 akiwa na miaka 29. Nimemtazama kwa nusu saa kwa raha tupu, kwa sababu nilijua kwamba hii ndiyo nusu saa ya mwisho ya kuwa na uhakika.

Kisha nikageuzia darubini kwenye mawe ya kuzuia mawimbi. Walikuwa kama arobaini, wakubwa, vichwa vyeupe. Nilikuwa nimejiandaa. Nilichapisha nyumbani kadi ya vivuli vya kijivu, ile ya ngazi 0 hadi 19, sifuri nyeupe na kumi na tisa nyeusi. Wataalamu wa shakwe hupima nayo migongo. Nikaishika mbele ya jicho, nikaona ndege watano waliopauka kuliko wenzao, nikaandika: "Shakwe wa Kaspi, 5."

Boti moja ikapita. Mawimbi yakarusha maji, na wale watano wakaruka wakatua tena, safari hii wakiwa wameniangalia. Wote walikuwa weusi! Ndege wale wale, dakika moja baadaye, ngazi tatu au nne karibu zaidi na nyeusi kwenye kadi yangu. Waliposimama ubavu kwa jua, mgongo ulirudisha mwanga kama bati jipya. Walipogeuka, ukawa ubao wa shule.

Mtoto wa shangazi alikuwa ameegemea gari anakunywa chai ya maziwa. "Umewapata?" "Nilikuwa nao, wamebadilika." Akatikisa kichwa akaangalia saa.

Jumamosi, 25 Januari. Sib

Ufukwe wa Sib una wavuvi wanaovuta nyavu hadi mchangani. Nyavu zikifika, shakwe wanafika. Nimehesabu zaidi ya mia mbili nikaacha.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu, kofia pana, teleskopu ya miguu mitatu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamsalimia kwa Kiingereza. Kumbe ni Mfini! Nilipomwambia natoka Mwanza aliinuka kwenye ndoo. Kwao, alisema, shakwe wa Baltiki anapungua mwaka hadi mwaka, na wakiondoka Septemba yeye huwa anawaza wanaishije huko kwetu. Nikamwambia wanaishi vizuri, wanaiba dagaa. Alicheka sana, nadhani kwa faraja.

Nikamtolea picha yangu ya Mwaloni kwenye simu. Akaitazama, akaikuza, akanirudishia bila kusema jina lolote. Badala yake akaniuliza, "Mbawa zake ziko wapi?"

"Si hizi hapa."

"Zimefungwa."

Akanionyesha kundi. Usitazame mgongo kwanza, akasema, mgongo ni wa mwisho. Tazama ndege anayeruka, au anayejinyoosha. Ubawa una manyoya makuu kumi ya kuhesabika, yanahesabiwa kutoka ndani kwenda nje, la kumi ndilo la ncha. Shakwe huyabadilisha yote mara moja kwa mwaka, moja baada ya jingine kwa mpangilio huo huo. Kinachotofautiana ni kalenda. Wa Kaspi huanza mapema na kabla mwaka haujaisha keshamaliza. Heuglin, ambaye kiangazi chake tundra ni kifupi na safari yake ni ndefu, huchelewa. Mwishoni mwa Januari wengi wao bado wanaotesha manyoya ya nje. Shakwe wa nyika, anayezaliwa kwenye nyika za Baraba huko Siberia na kaskazini mwa Kazakhstan, yuko katikati.

Niliitikia kwa adabu. Kusema kweli sikuelewa hata nusu. Ndege anapita sekunde mbili juu ya kichwa, mimi nihesabu manyoya kumi na nijue la nane ni jipya? Nilichoambulia ni madoa meusi na meupe yanayopepea.

Faraja ya siku ilikuwa shakwe wa Pallas, wawili. Jitu la shakwe, paji limelala kama la ngamia, mdomo wa rangi tatu. Mmoja alikuwa ameshaanza kuvaa kofia nyeusi ya msimu wa kuzaa, vikope vyeupe juu na chini ya jicho. Huyo hata Shangazi angemtambua. Pia shakwe wadogo wa mdomo mwembamba, kifua kina wekundu wa mbali kama maziwa yaliyodondoshewa sharubati, wamenyoosha shingo kama watu wanaochungulia ukutani.

Na kuna jambo la umri. Shakwe mkubwa huchukua karibu miaka minne kupata sura ya utu uzima, na kila mwaka ana vazi lake: mwaka wa kwanza kahawia mwenye madoadoa, wa pili mchanganyiko, wa tatu karibu. Zidisha spishi kwa miaka minne, halafu uongeze manyoya yaliyochakaa na mafuta ya samaki. Nimeelewa kwa nini watazamaji wengi wa ndege wakifika ukurasa wa shakwe hufunua haraka kwenda kwa tai.

Jumapili, 26 Januari. Nyumbani

Sijatoka. Shangazi alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka jana usiku, nikala kama sina kesho. Nimeshinda kitandani na picha 840. Nimefuta 600.

Jumatatu, 27 Januari. Muscat hadi Filim

Mtoto wa shangazi amechukua likizo ya siku tatu. Anasema ni kwa ajili yangu, lakini buti la gari lina mishipi mitatu ya kuvulia. Tumepita Bidbid, tukashuka Sinaw, mji wenye soko la ngamia na mbuzi kila Alhamisi, kisha jangwa limefunguka na barabara ikawa mstari hadi Mahut. Zaidi ya saa tano njiani ukitoa vituo vya chai.

Njiani akaniuliza swali ambalo kila mtu mwenye akili huuliza. "Kama wanafanana hivo, si wote nawras tu?" Nawras ni shakwe kwa Kiarabu. Kampuni moja ya simu hapa iliwahi kuitwa hivyo.

Nikamwambia swali lake ni la maprofesa. Kwa miongo mingi vitabu vya biolojia vilifundisha kwamba shakwe hawa wakubwa ni mnyororo unaozunguka ncha ya kaskazini ya dunia. Kila jirani huzaa na jirani yake, rangi inabadilika kidogo kidogo, hadi ncha mbili za mnyororo zikikutana Ulaya zinakuwa spishi mbili zisizooana. Mwanabiolojia Ernst Mayr aliutumia mfano huo mwaka 1942 na ukawa maarufu kila darasa. Halafu mwaka 2004 mtafiti Liebers na wenzake wakapima vinasaba vya shakwe wa pande zote, wakakuta mduara haufungi. Asili yao ni makundi mawili ya kale, na wale waliodhaniwa ni ncha za mnyororo mmoja hawakutokana na mnyororo huo. Mpaka leo hawa wa Heuglin na wa nyika, wengine huwaita spishi kamili, wengine nususpishi za shakwe mgongo-mweusi mdogo.

Alikaa kimya kilomita kadhaa. "Kwa hiyo hata wao hawajakubaliana."

"Hawajakubaliana."

"Na wewe umepanda ndege kutoka Mwanza."

Tumefika Filim jua likizama. Kijiji kidogo cha wavuvi, boti za faiba zimelala kwenye tope, harufu ya papa aliyekaushwa. Tumepiga hema kwenye ardhi ngumu. Mwezi unakaribia kuandama, kwa hiyo kesho na keshokutwa ni maji ya bamvua, yatatoka mbali na kuingia kwa nguvu. Kwa mtazamaji ndege hiyo ni habari njema, maana maji yakijaa ndege wote husogezwa ulipo.

Jumanne, 28 Januari. Barr al Hikman

Tambarare hii ya tope na mchanga hupokea zaidi ya nusu milioni ya ndege wa ufukweni kila msimu wa baridi. Niliwahi kuisoma hiyo namba. Kuiona ni kitu kingine: alfajiri ardhi yenyewe ilikuwa inatembea. Chamchanga kwa maelfu, sululu, heroe kwa mbali kama ukungu wa waridi, na wale walakaa weusi kwa weupe wenye mdomo kama patasi. Ningekuwa mtu wa kawaida ningebaki hapo nikamshukuru Mungu. Mimi nikasema twende mbele, naona shakwe.

Tulikwama saa mbili na nusu asubuhi. Sabkha ndivyo ilivyo, juu ganda kavu la chumvi, gumu kama sakafu, chini uji. Tairi la nyuma lilizama kwanza, mtoto wa shangazi akakanyaga mafuta, nalo la pili likamfuata mwenzake. Tulichimba kwa sahani za bati. Tukatandika mikeka ya gari. Gari likakaa vizuri zaidi. Hakunilaumu kwa mdomo, lakini aliacha kunijibu kwa Kiswahili akawa ananijibu kwa Kiarabu, na mimi Kiarabu changu ni cha swala.

Akaondoka kwa miguu kutafuta wavuvi. Mimi nikaambiwa nilinde gari, sijui dhidi ya nani. Nikazunguka kidogo kwenye mstari wa taka ulioachwa na maji, na hapo ndipo nikamkuta: shakwe mkubwa, amekufa, mzima mzima, macho tu yameliwa.

Kuna mafua ya ndege siku hizi, kwa hiyo niliingiza mikono kwenye mifuko miwili ya mkate. Nikamburuta hadi kivulini mwa gari. Kivulini, bila jua la kudanganya, mgongo ulikuwa kijivu cha giza, rangi ya mkaa uliokwisha kupoa. Kisogo kilikuwa na michirizi ya kahawia kama kimechorwa kwa penseli. Miguu ya njano. Nikaufungua ubawa wa kulia.

Ni mrefu kuliko unavyodhani. Kutoka begani hadi ncha ulizidi mkono wangu wa kuandikia. Nikahesabu kutoka ndani: moja, mbili, tatu, manyoya meusi yanayong'aa, kingo safi kama za karatasi mpya, kila ncha ina kidoa cheupe. Hadi la nane. La tisa halikuwepo. Nikatafuta. Nikapapasa kwa kidole ndani ya mfuko wa mkate, nikaligusa. Lilikuwa fupi, nusu ya wenzake, na chini bado limevikwa ala ya kijivu-samawati, laini kama mrija wa nta. Nilipoibana kidogo ile ala, ikachanika vipande vidogo kama magamba ya kitunguu, na ndani unyoya ulikuwa umejikunja unangoja.

La kumi, la nje kabisa, lilikuwa la zamani. Si jeusi tena, ni kahawia, limepauka, ncha imeliwa hadi uti wake umechomoza kama mwiba. Kile kidoa cheupe cha ncha kimeshasagika chote. Nikakaa nalo. Unyoya huu ulioteshwa msimu wa baridi uliopita, pengine kwenye pwani hii hii. Umeruka hadi tundra, ukalea watoto huko, ukarudi. Ulikuwa umebakiza wiki chache tu upumzike.

Basi yule mzee wa kwenye ndoo alikuwa anaongea kuhusu kitu hiki. Hakutaka nihesabu manyoya kumi kwa sekunde mbili. Alitaka nitafute pengo. Ndege mwenye la tisa nusu na la kumi kuukuu, akiruka, ana ubawa wenye jino lililong'oka karibu na ncha. Hilo linaonekana hata kwa darubini ya mkono, hata jua likiwa nyuma yake, hata kama mgongo unasema uongo.

Wavuvi walikuja saa sita na pikapu na kamba ya nanga. Watatu, vilemba vimefungwa hovyo. Mkubwa wao alinikuta nimekaa mchangani na ubawa wa shakwe mapajani na mifuko ya mkate mikononi. Akamuuliza mtoto wa shangazi jambo. Akajibiwa kwa sentensi ndefu. Wote wanne wakanitazama kwa huruma.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia wewe daktari."

Kiswahili kilikuwa kimerudi.

Jumatano, 29 Januari. Shannah

Bamvua ilijaa saa nne. Tulisimama karibu na gati ya Shannah, kivuko cha kwenda Masirah kinapoondokea, safari hii gari likiwa juu ya lami. Mtoto wa shangazi alienda kuvua. Mimi nilipata saa tatu ambazo sitazisahau, ingawa kwa asiyekuwepo hakuna cha kusimulia: mtu amekaa, ndege wanapita.

Mawingu yalikuwa mepesi, na mawingu kwa shakwe ni zawadi, maana migongo yote inapata mwanga mmoja. Nikajipa kanuni: jina lisitamkwe mpaka nimeuona ubawa. Wa kwanza akapita ana pengo kwenye ncha. Heuglin. Wa pili, pengo, la kumi ndilo linaota, fupi. Heuglin. Wa kumi na kitu hana pengo, ubawa kamili, weusi mwingi kwenye ncha na doa jeupe dogo. Alipotua nikamfuata: mgongo ni kijivu, si cheusi sana kama wenzake, kichwa cha mviringo, cheupe karibu chote, jicho dogo jeusi. Mdomoni, karibu na doa jekundu, kuna ukanda mweusi. Shakwe wa nyika. Nilimwandika kwa penseli. Baada ya dakika kumi nikaona wenzake sita wenye ubawa kamili na ukanda ule, nikampitishia wino.

Mmoja alikuwa mrefu kuliko wote waliomzunguka. Mgongo wa kijivu hafifu, kichwa chembamba chenye umbo la peasi, mdomo mrefu uliokwenda sambamba juu na chini bila uvimbe wa kidevu, tumbo limening'inia nyuma ya miguu kama mfuko wa mbeleko. Akajinyoosha, akafungua ubawa wa kushoto wote: manyoya kumi, yote mapya, yote yamekomaa. Kisha akainua kichwa akacheka. Jina lake la kisayansi, cachinnans, maana yake ni mwenye kuangua kicheko, na Pallas, mtaalamu wa viumbe aliyempa jina hilo, hakukosea. Shakwe wa Kaspi, 1. Wale watano wa Mutrah nikawafuta usiku huo.

Makinda nimeyaacha. Yalikuwepo mengi, ya kahawia, na kwa machache nilikuwa na dhana: lile la kichwa cheupe chenye kishali cha madoa shingoni huenda ni la Kaspi. Daftari linasema "shakwe mkubwa, mwaka wa kwanza, 70". Nilipoandika hivyo nilihisi kama nimetua mzigo.

Mtoto wa shangazi amepata changu wanne na pono mmoja. Tumewachoma.

Alhamisi, 30 Januari. Barabarani

Jangwa, chai, ngamia mmoja katikati ya lami asiyetaka kuhama. Muscat saa mbili usiku. Shangazi ameona rangi ya gari akauliza kama tulikuwa tunalima.

Ijumaa, 31 Januari. Mutrah, kisha uwanja wa ndege

Nilirudi kwenye mawe yale yale kulipa deni. Niliwakuta kama thelathini, jua kali, migongo inang'aa kama siku ya kwanza. Sikuigusa kadi ya kijivu. Nilingoja. Boti ilipopita wakaruka, nikaona mapengo: moja, jingine, jingine. Heuglin wasiopungua ishirini. Wawili wa nyika. Mmoja alikuwa na mgongo wa nyika na pengo la Heuglin, amesimama upande wangu wa jua, na nilimpa dakika arobaini zangu za mwisho. Sikumpata. Yumo kwenye daftari bila jina.

Mchana nikiwa nafunga begi, Shangazi aliingia na mabakuli matatu ya halwa, moja la baba, moja la msikiti, moja la "yule rafiki yako mliyegombana". Akakaa kitandani. "Enhe, yule wenu wa Mwanza, ni yupi basi?"

Nikatoa simu, nikaifungua ile picha ya Mwaloni. Saa saba mchana. Jua la utosini limemla mgongo, upande mmoja mweusi tititi, mwingine kama bati. Mbawa zimefungwa, ncha zimefunikwa na ungo wa dagaa wa mama mmoja. Hakuna hata unyoya mmoja wa kuhesabu.

"Hajulikani, shangazi."

"Siku tisa, mwanangu."

"Siku tisa."

Akaitazama picha kwa muda, akaisogeza karibu na miwani. "Huyu mama anaanua dagaa mbichi," akasema. "Hazijakauka hizo."

Begi limezidi kilo mbili kwa sababu ya halwa. Nimetoa viatu. Jumatatu asubuhi nitakuwa Mwaloni kabla akina mama hawajatandaza, maana dagaa wakimwagwa shakwe hugombana, na wakigombana hufungua mbawa.